Uhandisi Jeni na Matumizi Yake

Je, mbegu za mahindi zinazouzwa katika maduka ya pembejeo hapa Songea zimetokana na uhandisi jeni? Wanafunzi wengi hujibu ndiyo, kwa kuwa mbegu hizo ni "za kisasa". Jibu hilo si sahihi. Soma kwa makini tofauti ifuatayo.

1. Maana

Uhandisi jeni ni mbinu ya kubadilisha DNA ya kiumbe maabara, mara nyingi kwa kupandikiza jeni yenye sifa inayotakiwa kutoka kwa kiumbe kingine.

Mbegu chotara, kama UH6303 ya kituo cha utafiti cha Uyole, Mbeya, hupatikana kwa kuchavusha mahindi ya aina moja kwa chavua ya aina nyingine. Ukizipanda tena punje zake, mavuno hupungua kwa sababu jeni hutengana katika kizazi kinachofuata, kama ulivyojifunza kwa Mendel. Huo ni urithi wa kawaida.

2. Hatua: mfano wa insulini

(i) Jeni ya insulini ya binadamu hutambuliwa na kupatikana.
(ii) Plasmidi, yaani duara dogo la DNA lililomo ndani ya bakteria, hukatwa kwa kimeng'enya.
(iii) Jeni huunganishwa na plasmidi kwa kimeng'enya kingine.
(iv) Plasmidi hurudishwa ndani ya bakteria.
(v) Bakteria huzaliana kwa wingi na kutengeneza insulini, ambayo husafishwa na kutumika kama dawa.

3. Matumizi

(a) Tiba: Insulini ya aina hii iliidhinishwa Marekani mwaka 1982. Kabla ya hapo wagonjwa wa kisukari walitegemea insulini ya kongosho za ng'ombe na nguruwe.

(b) Viwanda: Vimeng'enya vya sabuni za kufulia na vya kugandishia jibini.

(c) Kilimo: Mazao yanayostahimili ukame au wadudu. Mwaka 2016 watafiti wa Tanzania walipanda mahindi ya majaribio Makutupora, Dodoma, chini ya mradi wa WEMA. Mahindi hayo yalikuwa na jeni ya *Bacillus subtilis*, bakteria wa udongoni, ili yastahimili ukame.

4. Hoja za jamii

Novemba 2018 Wizara ya Kilimo iliagiza majaribio ya Makutupora yasimamishwe na mabaki yateketezwe. Mwaka 2021 serikali ilitangaza kusitisha majaribio hayo. Kenya ilifuata njia tofauti: Oktoba 2022 iliondoa katazo lililowekwa mwaka 2012, na uamuzi huo ukapingwa mahakamani.

Wanaounga mkono husema mkulima asiye na umwagiliaji anahitaji zao litakalovuna hata mvua zikikatika mapema. Wanaopinga huhofia chavua kuchanganyika na mbegu za asili, na wakulima kutegemea kampuni zenye hataza za jeni. Katika WEMA jeni ilitolewa bila mrabaha, lakini swali la nani atamiliki mbegu kesho lilibaki. Kwa mkoa kama Ruvuma, ambako mahindi ni chakula na ni ada ya shule, swali hilo ni zito.

Zingatia

Swali la "eleza jinsi" linahitaji hatua za kibiolojia, kwa mpangilio. Swali la "jadili" linahitaji hoja za pande zote mbili, kila hoja na sababu yake, kisha msimamo wako. Usiandike kwamba mazao haya "ni sumu" au "ni salama kabisa". Kila zao hupimwa peke yake, kwa jeni iliyowekwa na mazingira litakapopandwa.

Jipime

1. Taja tofauti mbili kati ya mbegu chotara na mbegu iliyobadilishwa jeni. (alama 4)
2. Kwa nini bakteria hutumika kuzalisha insulini? (alama 3)
3. "Tanzania iruhusu majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa jeni." Jadili. (alama 10)