Vali mpya ilikubali, mdundo ndio ulikataa

Siku ya tatu baada ya upasuaji, moyo wangu ulianza kucheza muziki wake. Sikusikia uchungu. Ilikuwa kama samaki ametupwa kifuani mwangu: anapapatika, anatulia, anapapatika tena. Mashine kando ya kitanda ikapiga kelele. 131. 152. 148. Nikajua basi, nimeenda.

Nesi akanishika mkono. "Tulia, kijana. Hii tunaijua."

Kumbe ni kitu cha kawaida. Karibu mtu mmoja kati ya watatu wanaofanyiwa upasuaji wa vali ya moyo hupatwa na mdundo wa fujo, hasa siku chache za kwanza. Hospitalini wanauita AF. Vyumba viwili vya juu vya moyo vinaacha kupiga kwa mpangilio, vinatetemeka tu. Si ajabu: moyo umetoka kukatwa na kushonwa, umevimba, na mara nyingi chumba cha juu cha kushoto kilishatanuka miaka mingi kwa sababu ya vali mbovu.

Yangu iliharibikia utotoni. Koo likiuma, nyumbani tulisukutua maji ya chumvi, tukalala. Hatukujua kuwa bakteria wa koo wasipotibiwa wanaweza kuleta homa ya baridi yabisi, na homa hiyo ikirudi-rudi inakula vali. Nikiwa na miaka 22, nikiwa mwaka wa pili chuoni, nikawekewa vali ya bandia. Usiku kukiwa kimya naisikia ikilia tik, tik, kama saa.

Walinipa dawa ya kutuliza kasi na potasiamu kupitia mshipa. Kesho yake jioni mdundo ukarudi. Wengine hupigwa shoti ya umeme ndio moyo ushike laini.

Sasa hapa ndipo nilipokosea. Miezi mitano baadaye nilijihisi fiti kabisa. Pesa za kliniki hazikuwepo, karo pia ilikuwa imenishinda, nikaacha chuo na nikaacha warfarini. Wiki mbili tu. Siku moja ndani ya matatu, yule samaki akarudi.

Daktari hakunigombeza. Alipima damu, akaandika namba mbili kwenye karatasi: 1.4, yangu, na 2.5 hadi 3.5, ninayotakiwa kuwa nayo. Moyo ukitetemeka, damu inatuama na kuganda. Donge likipanda kwenye ubongo, hiyo ni kiharusi, na kiharusi hakiulizi kitambulisho. Vali ya bandia nayo huongeza hatari hiyo.

Siku hizi siruki dozi. Sukuma wiki bado nakula, ila kiasi kilekile kila wiki, maana vitamini K yake hupunguza nguvu ya warfarini. Dawa za maumivu sinunui dukani kiholela. Zingine zinaweza kunifanya nivuje damu ndani.

Kama umefanyiwa upasuaji wa vali na moyo unaenda mbio bila mpango, unahisi kizunguzungu au pumzi inakatika, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, usingoje hata dakika.

Mimi kila asubuhi, kabla sijashika simu, naweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono. Nahesabu dakika nzima. Leo ilikuwa 74, na hakuna pigo lililoruka.