Video Inayotikisika si Ushahidi

Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba video iliyotikisika mkononi haiwezi kughushiwa. Twajiuliza: jengo la kubuni litatuliaje mahali pake ilhali mpigapicha anatembea?

Jibu limo katika ufuatiliaji wa mwendo wa kamera. Programu ya kompyuta huchagua alama nyingi ndogo zilizomo katika video: pembe ya dirisha, jiwe, ufa wa ukuta. Kisha huzifuata alama hizo picha baada ya picha. Kamera inaposogea, kilicho karibu huonekana kuhama zaidi kuliko kilicho mbali, kama vile abiria wa basi aonavyo miti ya kando ya barabara ikipita mbio, nao mlima umetulia. Kwa tofauti hiyo, programu hukokotoa mahali kamera ilipokuwa katika kila picha. Hapo kitu cha kubuni hupandikizwa, nacho hufuatana na mandhari kana kwamba kilikuwapo.

Ufundi huu, uliokuwa wa studio za filamu, uliingizwa katika Blender, programu itolewayo bure, Desemba 2011, na katika After Effects mwaka 2012.

Hata hivyo, ufuatiliaji huo hauumbi mwanga wala kivuli. Hiyo ni kazi nyingine ya fundi, naye huweza kukosea. Basi wazazi, tuwafundishe watoto wetu kutazama vivuli vimelalia upande gani, na zaidi ya hapo kuuliza: nani aliipiga video hii, wapi, na lini? Tusipopata majibu, tusiisambaze.