Biashara ya Miti na Dungusi katika Majangwa ya Marekani: Bei ya Umri na Gharama ya Maji

Katika miji ya kusini-magharibi mwa Marekani, hasa Phoenix na Tucson jimboni Arizona na Las Vegas jimboni Nevada, bustani ya nyumbani imezaa biashara inayowahusisha wenye vitalu vya miche, wakandarasi wa bustani, wahamishaji wa mimea mikubwa na mafundi wa umwagiliaji wa matone. Mvua katika miji hiyo ni haba: Tucson hupata wastani wa milimita 300 hivi kwa mwaka, Phoenix hupata chini ya 200, na Las Vegas hupata takribani 100 tu. Kinachoitofautisha biashara hii na biashara nyingine za miche ni kwamba bidhaa yake bora haiwezi kuharakishwa, kwa kuwa mimea mingi ya jangwani hukua polepole, na hivyo umri ndio unaopanga bei, ndio unaotawala namna ya kuutunza mmea, na ndio unaoficha hasara ambayo mnunuzi huja kuigundua akiwa amechelewa.

Mahitaji ya soko yamechochewa zaidi na sera ya maji kuliko na ladha ya wenye nyumba. Mamlaka ya Maji ya Kusini mwa Nevada ilianza mwaka 1999 kuwalipa wateja wake fedha taslimu kwa kila futi ya mraba ya ukoka inayong'olewa na kupandwa mimea isiyohitaji maji mengi, kwa hesabu kwamba kila futi moja huokoa galoni 55 za maji kwa mwaka. Mwaka 2021 Bunge la Nevada lilikwenda mbali zaidi kwa kupitisha sheria inayopiga marufuku, kuanzia mwanzoni mwa mwaka 2027, kutumia maji ya Mto Colorado kumwagilia nyasi za mapambo kandokando ya barabara na kwenye maeneo ya biashara na ya jumuiya za makazi, ingawa nyumba za familia moja hazikuguswa. Ruzuku na marufuku za namna hii huwahakikishia wenye vitalu soko, kwa sababu ardhi iliyoondolewa nyasi sharti ipandwe kitu kingine.

Ugavi, kwa upande wake, hauwezi kufuata kasi hiyo. Mfano ulio wazi ni saguaro (Carnegiea gigantea), dungusi ndefu yenye umbo la nguzo inayoota kiasili katika Jangwa la Sonora pekee. Katika miaka yake 8 ya kwanza huenda isizidi sentimita 4, hutoa maua inapokaribia umri wa miaka 35, na matawi yake, ambayo wenyeji huyaita mikono, kwa kawaida huanza kuchipuka kati ya miaka 50 na 75, na penye ukame zaidi hata miaka 100. Ndiyo maana saguaro huuzwa kwa futi, na kila mkono huongeza bei. Unyumbufu wa ugavi, yaani uwezo wa wazalishaji kuongeza bidhaa pale bei inapopanda, hukaribia sifuri, kwa kuwa mwenye kitalu anayepanda mbegu leo hatakuwa hai siku mmea huo utakapofikia kimo kinachotafutwa na mnunuzi.

Pengo hilo huzibwa kwa mimea inayookolewa kwenye ardhi inayosafishwa kwa ajili ya ujenzi. Sheria ya mimea asilia ya Arizona humtaka mwenye ardhi kuiarifu Idara ya Kilimo ya jimbo kabla ya kuondoa mimea inayolindwa, na humtaka anayeihamisha awe na kibali pamoja na lebo rasmi inayofungwa kwenye kila mmea, hivi kwamba saguaro iliyochimbwa porini na kuuzwa bila lebo huhesabiwa kuwa mali ya wizi. Wizi huo si wa kufikirika, kwani Hifadhi ya Taifa ya Saguaro iliyo kando ya Tucson imelazimika kupandikiza vipande vidogo vya kielektroniki ndani ya baadhi ya dungusi zake ili ziweze kutambuliwa zikiibwa. Kwa mpangilio huu, ujenzi unaolimeza jangwa ndio huohuo unaozilisha bustani za nyumba mpya, na soko la mimea mikubwa hupanda na kushuka pamoja na soko la nyumba.

Uokoaji wenyewe ni kazi ya ufundi. Mti hautolewi kwa siku moja: fundi huchimba mtaro kuuzunguka, hukata mizizi ya pembeni, hulizungushia bonge la udongo mbao zilizofungwa kama sanduku, kisha huuacha mti palepale kwa wiki kadhaa ukinyweshwa, ili uanze kuchipuza mizizi mipya kabla ya mizizi ya chini kukatwa na sanduku kuinuliwa kwa kreni. Saguaro hailazimiki kuwekewa sanduku, bali hulazwa kwenye fremu ya chuma iliyotandikwa vitu laini, baada ya upande wake wa kusini kutiwa alama. Alama hiyo ina sababu: ngozi ya upande wa kusini imekwisha kukomazwa na jua kali, na mmea ukipandwa ukiwa umegeuzwa, ngozi changa ya upande wa kaskazini huungua na kubaki na kovu la kudumu.

Katika kuchagua miti, wataalamu wa bustani huanza na jamii ya mikunde ya jangwani. Palo verde ni mti wenye gome la kijani linalosaidia kutengeneza chakula hata majani yanapopukutika, na aina mseto iitwayo Desert Museum, ambayo haina miiba na hukua haraka, imeenea sana mijini. Mti wa chuma (Olneya tesota) hukua taratibu, lakini kivuli chake porini huwa malezi ya dungusi changa, kwa hiyo bustani inayouweka pamoja na dungusi ndogo hufuata utaratibu wa asili. Jamii ya Prosopis hutoa kivuli kipana, ila mahuluti yenye asili ya Amerika Kusini yanapomwagiliwa kupita kiasi hukuza matawi mengi juu ya mizizi mifupi, na pepo za dhoruba za kiangazi huyang'oa.

Kanuni kuu ya utunzaji ni maji mengi kwa nadra badala ya maji kidogo kila siku. Kwa miti ya jangwani iliyokwisha kushika, inashauriwa maji yafike kina cha sentimita 60 hadi 90, kila baada ya siku 7 hadi 21 wakati wa joto na siku 30 hadi 60 wakati wa baridi. Dungusi hutosheka na kina cha sentimita 30 au pungufu. Matundu ya mpira wa matone sharti yasogezwe nje kadiri matawi yanavyotanuka, kwa kuwa maji yanayoendelea kudondoka kwenye shina hukaribisha kuvu na kuidumaza mizizi. Kabla ya yote hayo, shimo hujazwa maji ili kupima upenyaji, kwa sababu udongo wa eneo hili mara nyingi huficha kaliche, yaani tabaka la chokaa lililoganda kama saruji, ambalo hulifanya shimo kuwa beseni la kuozesha mizizi. Dungusi iliyokatika mizizi huachwa kivulini hadi majeraha yakauke, na hainyweshwi mara tu inapopandwa.

Hatari ya uchaguzi mbaya haimwishii mnunuzi peke yake. Wenyeji wa Baringo nchini Kenya wanalijua hilo kupitia mathenge (Prosopis juliflora), ndugu wa miti hiyo ya Arizona, ulioletwa katika miaka ya 1980 kupambana na ukame na uhaba wa kuni, ukageuka kuwa vichaka vinavyoziba malisho na njia za mifugo. Huko Laikipia, dungusi kakati za jamii ya Opuntia zimevamia nyanda za wafugaji kiasi cha kuletwa wadudu wanaozifyonza ili kuzipunguza nguvu. Kinyume chake, biashara inaweza kuufanya mmea uwe wa kawaida bustanini huku ukitoweka kwao, kama ilivyo kwa dungusi ya dhahabu (Echinocactus grusonii) ya Meksiko, inayozalishwa kwa mbegu kwa wingi duniani ilhali porini iko hatarini. Karibu dungusi zote zimo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya spishi zilizo hatarini, na kwa hiyo husafirishwa nje ya nchi kwa vibali.

Udhaifu mkubwa wa soko hili, hata hivyo, umo katika dhamana. Saguaro kubwa iliyohamishwa huishi kwa maji yaliyomo mwilini mwake, na inaweza kuonekana nzima kwa miaka kadhaa huku mizizi yake ikiwa imeshindwa kushika, hivyo dhamana ya mwaka mmoja huisha kabla ya mmea kuonyesha kwamba umekufa. Joto limeongeza hatari hiyo: mwaka 2023 Phoenix ilipitia siku 31 mfululizo zenye joto la nyuzi 43 za Selsiasi au zaidi, na saguaro kadhaa zilianguka mjini. Kwa hesabu ya gharama na hatari, mche mdogo wenye lebo na mizizi isiyojizungusha ndani ya chungu hushinda mmea mkubwa, kwani hushika haraka, humpotezea mnunuzi fedha kidogo ukifa, na kwa upande wa miti mara nyingi huufikia kwa kimo ule wa sanduku ndani ya miaka michache. Wenye vitalu watakaouza miche ya namna hiyo pamoja na huduma ya kuitunza kwa miaka kadhaa watakuwa na mapato yasiyotegemea matingatinga ya wajenzi, na mnunuzi atakuwa amepata dhamana inayolingana na umri wa kitu alichokilipia.