Mlango wa Gereji Usipofunguka

Taabu hii sote twaifahamu: wito wa dharura umekwisha kufika, dereva yumo garini, injini yanguruma, na mlango wa gereji haufunguki. Katika Uganda, ambako kikosi cha zimamoto ni sehemu ya Polisi, dakika mbili za kuvutana na mlango zaweza kuwa nyumba nzima ya raia. Kwa hiyo leo twaona yafaa kuuzungumzia mlango ule wa chuma upandao juu katika reli zake, unaobebwa na springi iliyofungwa juu ya kizingiti.

Ifahamike kwanza kwamba mota haibebi mlango, huuongoza tu. Uzito wote, ambao kwa mlango mpana huweza kuzidi kilo 100, huchukuliwa na springi. Mota inapolalamika askari wengi huilaumu yenyewe, kumbe mwenye kosa ni springi. Njia ya kujua ni rahisi. Mlango ukiwa umefungwa, vuta kamba ya kuutenga na mota, uinue kwa mikono hadi usawa wa kiuno, kisha uuachie taratibu, miguu isiwe chini yake. Ukisimama palepale, springi ni nzima. Ukishuka kwa kishindo, imechoka. Ukipanda wenyewe, imekazwa kupita kiasi. Kamba hiyo isivutwe kamwe ikiwa mlango uko juu na springi imekatika, maana utaanguka wote.

Springi za kawaida hutengenezwa zidumu kwa kufungua na kufunga mara 10,000 hivi. Nyumbani hiyo ni miaka mingi. Kituoni, ambako magari ya doria hutoka na kuingia, mlango ukifunguliwa mara 20 kwa siku, ni siku 500 tu. Basi tarehe ya kufungwa springi mpya na iandikwe katika daftari la zamu. Kuibadilisha ni kazi ya fundi. Nguvu iliyofungiwa mle huvunja mikono, na ushujaa hausaidii kitu hapo.

Mlango ukishuka nusu kisha ukarudi juu, tazama jicho la umeme lililo karibu na sakafu. Utando wa buibui, vumbi, hata jua la jioni huweza kulipumbaza. Lipanguswe, na macho yote mawili yaelekeane sawasawa. Wako wanaoling'oa kwa hasira. Marekani ililazimisha kinga ya namna hii kwa milango ya mota ya nyumbani tangu 1993, kwa kuwa watoto walikuwa wakibanwa hadi kufa, na kambi zetu zimejaa watoto.

Kelele huletwa zaidi na vumbi. Reli zisipakwe grisi, kwani hushika mchanga, zipanguswe kavu. Oili ni ya bawaba, springi na beringi za vigurudumu.

Umeme ukikatika, tegemeo ni ile kamba ya kutenga mota. Kila askari wa zamu aioneshwe mchana, kisha aitafute mwenyewe usiku bila tochi.