USAFI WA MTAA: NI KUJITOLEA AU NI SHURUTI?



Ofisi ya chama imekuwa ikiletewa swali moja tena na tena kutoka matawini. Tunapoitwa Jumamosi asubuhi kuzibua mitaro, kufyeka majani na kupanda maua kando ya barabara, je, hiyo ni kazi au ni kujitolea? Asiyefika afanywe nini? Na mtu akiumia huko, nani atamtibu? Waulizaji ni watu wa kila namna: wenzetu wa viwandani, walimu, makarani, hata wafagiaji wa barabara, ambao wao kufagia ndiyo riziki yao. Inafaa basi jambo hili lielezwe vizuri, maana wengi wanachanganya mambo mawili ambayo kwa macho yanafanana lakini kwa haki yako mbali sana.

Kwanza tusidanganyane kwamba kusafisha mtaa kwa pamoja ni jambo la kigeni. Hapa Uganda, katika Buganda, kazi hiyo ina jina lake la tangu zamani, bulungi bwansi, yaani uzuri au wema wa nchi. Ngoma ilipigwa kwa mdundo unaosema sagala agalamidde, maana yake sitaki mtu aliyelala, na watu walitoka na majembe kwenda kusafisha kisima, kutengeneza njia au kufyeka uwanja. Ufalme wa Buganda huiadhimisha bulungi bwansi tarehe 8 Oktoba. Mtu hakuuliza malipo, kwa sababu maji ya kisima kile ndiyo aliyoyanywa yeye na watoto wake.

Serikali ya kikoloni ilipoingia iliona hapo kuna nguvu ya bure. Mkataba wa Buganda wa 1900 uliwaruhusu machifu kuita mtu mmoja kwa kila nyumba tatu aende kutengeneza barabara, muda usiozidi mwezi mmoja kwa mwaka. Baadaye ikaja kasanvu, ambayo kwa jina ililipwa ujira, lakini mtu hakuwa na nafasi ya kukataa, akapelekwa kufanya kazi mbali na kwao. Ilifutwa mwaka 1922. Wazee waliachia vizazi vyao chuki juu ya neno hilo, na ndiyo sababu mpaka leo ukimwita mtu kwa ukali aje kufagia, anakutazama kama unayemrudisha kule. Hana makosa.

Jirani zetu wa Rwanda wana neno lao la uchungu, nalo limetoka katika lugha yetu hii hii ya Kiswahili. Katika enzi ya Wabelgiji kazi za lazima za barabara na mashamba ziliitwa akazi. Neno “kazi” sisi hulitumia kwa heshima; kule lilikuwa jina la kiboko.

Lakini Rwanda ina neno jingine, umuganda, na hili ndilo linalotajwa sana siku hizi kila panapozungumzwa usafi wa miji. Asili yake ni ule mti wa kujengea nyumba. Mtu akijenga, majirani huja kila mmoja na mti wake na mikono yake, nyumba ikasimama. Mwaka 1974 Rais Habyarimana aliigeuza desturi hiyo kuwa mpango wa serikali, nusu siku kila wiki. Makinga-maji ya kuzuia mmomonyoko yalichimbwa kwenye vilima, miti ikapandwa, madarasa yakajengwa. Hayo yalikuwa na faida. Hata hivyo mpango ulikuwa mikononi mwa chama tawala kuanzia juu hadi kilimani, na kwa hiyo ulikuwa pia mtambo wa kuhesabu nani katoka na nani hakutoka. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wauaji waliutumia mtambo huo huo. Waliitana kwa utaratibu ule wa umuganda, wakasema wanakwenda “kazini”, wakasema wanakwenda kufyeka kichaka. Mtu akitaka kujua kwa nini chama cha wafanyakazi kinahangaika na jambo dogo kama orodha ya majina ya Jumamosi, na alifikirie hilo.

Baada ya vita umuganda ulirudishwa kwa sura nyingine. Sheria ya mwaka 2007 iliuweka Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, kwa muda wa saa tatu kuanzia saa mbili asubuhi. Wanaohusika ni wenye umri wa miaka 18 hadi 65. Mzee au kijana wa chini ya hapo akipenda anaweza kuja. Asiyefika bila sababu anaweza kutozwa faini isiyozidi faranga 5,000 za Rwanda. Maduka hufungwa na magari hupungua barabarani. Mwaka 2020 watu walizuiwa kukusanyika kwa ajili ya UVIKO-19, kazi ikasimama kwa muda, kisha ikarejea.

Kazi zenyewe ni za kawaida: kuzibua mitaro, kupanda miti, kufyatua matofali, kujenga nyumba za wasiojiweza, kutengeneza njia za mtaani. Kazi ikiisha watu huketi chini, wanafanya mkutano. Hapo husemwa habari za wizi, bima ya afya, ugomvi wa mipaka, na kazi ya mwezi ujao. Kwa maoni yetu mkutano huo ndio wenye thamani kuliko ufagio, tutaeleza kwa nini.

Mgeni akirudi kutoka Kigali husema, “Tazama wenzetu, mji unang’aa kwa sababu ya umuganda.” Maneno hayo ni nusu ya ukweli. Barabara kuu za Kigali zinafagiwa kila siku, na wanaozifagia ni wafanyakazi, wengi wao akina mama, wanaoajiriwa na makampuni na vyama vya ushirika vilivyopewa kandarasi. Sheria ya 2008 nayo ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, ile tunayoiita huku buveera, ambayo kwetu ndiyo adui mkubwa wa mitaro. Mwaka huo huo wa 2008 Kigali ilipewa tuzo ya UN-Habitat. Saa tatu kwa mwezi haziwezi kuusafisha mji unaochafuka kila saa. Kinachousafisha ni mshahara wa mfagiaji, sheria ya mifuko, na gari la taka lenye ratiba. Umuganda unaongezea juu ya hayo.

Sasa tuje kwenye sheria. Mkataba Namba 29 wa Shirika la Kazi la Kimataifa (ILO) ulipitishwa mwaka 1930, na Uganda iliuridhia mwaka 1963. Mkataba huo unasema kazi ya shuruti ni kazi yoyote anayodaiwa mtu kwa tishio la adhabu, ambayo hakujitolea kwa hiari yake. Ukisoma hapo tu utadhani kila faini ya usafi ni haramu. Lakini kifungu cha pili kimetoa ruhusa kwa huduma ndogo ndogo za kijamii. Wataalamu wa ILO wameeleza maana yake katika taarifa zao: kazi iwe ndogo kweli, hasa ya kutunza kilichopo, na mara chache kujenga kitu kama darasa dogo au chumba cha dawa, iwe kwa faida ya watu wa mahali pale pale wanaoifanya, siyo ya mkoa mzima au ya mwenye kandarasi, na watu hao, au wajumbe wao wenyewe, wawe wameulizwa kwanza kama kazi hiyo inahitajika.

Sharti hili la mwisho ndilo husahauliwa. Ndiyo maana tumesema mkutano una thamani kuliko ufagio. Watu wakikaa wakakubaliana kwamba mwezi ujao tuzibue mtaro wa sokoni, hiyo ni kazi yao. Tangazo likibandikwa tu mtini na mtu asiyejulikana, pamoja na kiasi cha faini, hiyo ni habari nyingine.

Katiba yetu ya 1995, kifungu cha 25, inafuata njia hiyo hiyo: inakataza kazi ya shuruti, lakini haihesabu kuwa shuruti kazi ya kawaida na ya kiasi ambayo ni sehemu ya wajibu wa kijamii. Kifungu cha 17 kinampa kila raia wajibu wa kutunza mazingira safi. Kwa hiyo mwanachama asije akasimama katika mkutano wa LC akasema chama kimemwambia asiguse jembe. Hatukusema hivyo.

Mfano wa jambo lililovuka mpaka tunaupata Zaire ya zamani, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Salongo ya Mobutu ilianza kwa maneno matamu ya kujenga taifa. Mwaka 1976 ikatolewa sheria ya juhudi za maendeleo ya taifa, iliyomlazimisha kila raia mzima kufanya kazi za mashamba na nyinginezo, na adhabu ikawekwa kwa mkaidi. Wataalamu wa ILO waliidai Kongo kwa miaka mingi iifute sheria hiyo, kwa sababu haikuwa tena huduma ndogo ya mtaa. Ilikuwa kukusanya nguvu za watu kwa ajili ya uchumi. Kufanya hivyo kunakatazwa pia na Mkataba Namba 105 wa mwaka 1957.

Upande wa Tanzania, wengi wetu tunakumbuka Desemba 2015, Rais Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 akaagiza siku hiyo iwe ya usafi, na baadaye Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawa ya usafi huko pia. Watu walitoka kwa wingi, na rais mwenyewe alishika taka kwa mikono yake. Hilo lilikuwa zuri kuliona. Swali la siku iliyofuata lilikuwa lile lile la kila mahali: rundo lililotolewa mtaroni limekwenda wapi?

Hapa inafaa tuseme jambo la kazi yenyewe, maana usafi wa kujitolea mara nyingi huharibika kwa kutojua kazi. Watu huja na majembe na mabeleshi, wanachota matope ya mtaro na kuyaweka ukingoni. Picha zinapigwa. Usiku mvua inanyesha, matope yanarudi yalikotoka pamoja na chupa na mifuko, na juma linalofuata mtaro umeziba kuliko kwanza. Mfagiaji mzoefu angewaambia waanze upande wa chini, maji yapate pa kutokea, na wasiondoe beleshi moja kabla toroli na gari havijafika. Lakini mfagiaji mzoefu hakuulizwa, amepewa reki tu, na siku hiyo halipwi kwa sababu “leo tunajitolea wote.” Mtu ambaye kazi yake ni kufagia, akiitwa kufagia eneo lake la kazi, na msimamizi wake, kwa vifaa vya mwajiri wake, hajitolei. Anafanya kazi, na alipwe.

Taka nazo lazima ziwe na pa kwenda. Agosti 2024 jaa la Kiteezi, kaskazini ya Kampala, liliporomoka juu ya nyumba za watu na kuua zaidi ya watu 30. Kila kitu tulichokuwa tumekifagia kwa miaka mingi na kukisahau kilikuwa kimelundikwa pale.

Limebaki lile swali la anayeumia. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamlinda mtu aliyeumia kutokana na kazi yake na akiwa katika kazi yake. Ukiwa mtaani kwako na majirani, kwa hiari yako, mwajiri hahusiki, na gharama ni yako au ya waliokuita kama waliahidi. Kwa sababu hiyo glovu na mabuti viombwe kabla, siyo baada. Lakini ukipelekwa na kampuni, hali hubadilika, hata kama kwenye fulana pameandikwa “kujitolea”.

Tunalo jambo la namna hiyo katika tawi letu moja. Kiwanda kimoja, ambacho hatutakitaja, kiliwapeleka watu wake Jumamosi kusafisha mtaro karibu na lango lake. Mwenzetu mmoja alikanyaga chupa iliyovunjika, mguu ukachanika, akakaa nyumbani siku 11. Mwajiri alisema huyo alikuwa amejitolea, na siku zile zikakatwa katika mshahara. Katibu wa tawi hakubishana kuhusu maana ya kujitolea. Aliomba karatasi ya zamu. Majina yote yalikuwemo, saa ya kufika imeandikwa, sahihi ya msimamizi iko chini, na mbele ya majina matatu ya waliokosa palikuwa na alama ya onyo. Anayejitolea hapewi onyo. Kwa alama zile tatu hospitali ililipwa, siku 11 zikarudishwa, na maonyo yakafutwa. Makatibu wa matawi wanaombwa kutunza nakala ya karatasi za namna hiyo kila panapofanyika usafi wa kampuni, na kuileta ofisini ndani ya juma moja endapo kuna mtu aliyeumia.