Ksaveri: Jina la Nyumba Lililokuwa Jina la Ubatizo

Wazazi fulani walifika parokiani kumwandikisha mtoto wao kwa ajili ya Ubatizo, wakiomba aitwe Ksaveri. Bibi yake mzaa baba akapinga: "Padre, hilo ni jina la ukoo wa Wazungu. Mjukuu wangu ana ukoo wake." Hoja hiyo ni nzito, kwa maana jina humfungamanisha mtu na watu wake.

Wengi tunalisikia jina hili likifuata lile la Fransisko. Wachache hulichagua peke yake. Asili yake ni lugha ya Kibaski ya kaskazini mwa Hispania na kusini-magharibi mwa Ufaransa. *Etxe* ni nyumba, *berri* ni mpya. Etxeberri, yaani "nyumba mpya", lilikuwa jina la mahali huko Navarra, na matamshi yake yakabadilika hata kuwa Xavier. Katika ngome ya mahali hapo alizaliwa Mtakatifu Fransisko, tarehe 7 Aprili 1506.

Baba yake aliitwa Juan de Jasso. Ngome ilikuwa urithi wa upande wa mama yake, María de Azpilcueta. Basi hata mtakatifu mwenyewe hakulipata jina Ksaveri kwa ukoo wa baba, bali kwa nyumba alimozaliwa. Nayo haikudumu: mwaka 1516, baada ya Navarra kutekwa, watawala wa Kastilia waliamuru kuta na minara yake ibomolewe. Fransisko alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi.

Alipokuwa mtu mzima aliiacha nchi yake kwa ajili ya Injili. Mwaka 1542, akielekea India, meli yake ilitia nanga Malindi, naye akamzika huko msafiri mwenzake aliyefia safarini. Alifariki tarehe 3 Desemba 1552 katika kisiwa cha Shangchuan, karibu na pwani ya China. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1622, na waamini waliomheshimu wakawapa watoto wao jina la nyumba yake.

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 855, yawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie lisitolewe jina lisilopatana na moyo wa Kikristo. Haidai jina liwe la kigeni, wala haifuti jina la ukoo. Kwa hiyo nilimjibu bibi: mjukuu wako hahami ukoo. Atabaki na jina la babu yake, na kwa Ubatizo ataingia katika nyumba mpya, ile ambayo Mtume Paulo awaambia Waefeso kwamba wao si wageni tena ndani yake.

Bibi alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nimwandikie maana ya jina hilo kwenye karatasi, apate kumsimulia mtoto atakapokua. Nasi wazazi na wasimamizi tufanye vivyo hivyo: tusiwape watoto jina tusiloweza kuwaeleza.