Gi ya Dukani, ya Fundi au ya Mitumba?

Kabla hujatoa hata shilingi kununua gi, yaani vazi la mazoezi ya karate au judo, muulize sensei, mwalimu wako, swali moja: katika mchezo huu, mwenzangu atanishika nguo na kuivuta? Jibu lake ndilo litakalokuonyesha pa kununua na kiasi cha kutenga. Wengi wetu Thika na Ruiru huanzia dukani, tukauliza "nguo ya karate", tukauziwa chochote cheupe chenye mkanda. Nimeona watoto wakiletwa darasa la karate wamevaa nguo ya taekwondo, ile ya shingo ya V inayovaliwa kwa kupitishia kichwani. Hiyo ni ya mchezo wa Kikorea. Gi ya karate hufunguka mbele yote, na upande wa kushoto hulala juu ya wa kulia. Mzazi ameshalipa, duka halirudishi pesa, na mtoto anaona haya mbele ya wenzake. Hasara hiyo huzuilika kwa kuuliza tu.

Swali la kuvutwa lina historia yake. Jigoro Kano alianzisha judo Tokyo mwaka 1882, na kiini cha mchezo wake ni kumkamata mtu kola na mkono wa koti na kumwangusha. Koti lilipaswa kuwa zito na lililofumwa kwa nguvu. Gichin Funakoshi, mwalimu wa Okinawa, alipoonyesha karate Tokyo mwaka 1922, aliazima vazi hilohilo kwa sura, ila jepesi, kwa kuwa karate ni ngumi na mateke. Tofauti hiyo ipo hadi leo. Gi ya karate ya kuanzia ina gramu 270 hivi kwa mita ya mraba (lebo huandika aunsi 8), na nzito hufika aunsi 14. Judo ya mashindano ya kimataifa hudai gramu 650 hadi 750. Kwa hiyo bei mbili tofauti sana zinaweza kuwa halali zote mbili.

Kwa karate, msimamo wangu ni kwamba mwanafunzi anayeanza atahudumiwa vizuri na fundi wa mtaani. Thika ni mji wa nguo. Thika Cloth Mills ingali inafuma hapa, na mafundi wa sare za shule na madastikoti hawakosekani, kuanzia Makongeni hadi karibu na stendi ya Ruiru. Omba drili nyeupe ya pamba. Mita nne za upana wa sentimita 150 zitamtosha mtu mzima wa kimo cha kawaida. Tuchukue bajeti ya mfano: kitambaa shilingi 400 kwa mita, yaani 1,600, ushonaji 800, mkanda mweupe na uzi 300. Jumla ni 2,700. Ukilinganisha na gi ya dukani ya 3,000, pamoja na nauli ya kwenda Nairobi na kurudi, akiba si kubwa sana. Unachopata zaidi ni pamba tupu na vipimo vyako mwenyewe.

Ila fundi asikate kitambaa kikavu. Drili ya pamba hurudi ikifuliwa, na gi iliyokaa vizuri Jumamosi inaweza kuwa fupi wiki inayofuata. Loweka kitambaa usiku kucha, kianike, kipige pasi, ndipo ukipeleke. Kisha simama hapo hapo mbele ya cherehani ueleze mambo matatu: kiraka cha pembe nne kwenye msamba ili mguu upae bila suruali kupasuka, kiraka chini ya kila kwapa, na kola iliyopigwa mishono mingi sambamba hadi isimame. Fundi wa dastikoti ataelewa upesi. Mwambie, "Fundi, shona mara mbili kila mshono, na pindo la suruali uniachie nafasi ya kushusha." Kwa mtoto anayekua, sentimita nane zilizokunjwa ndani humsogeza mbele mwaka mzima.

Ukipenda ya dukani, uliza imetengenezwa kwa kitambaa gani. Nyingi za bei nafuu ni mchanganyiko wa pamba na polyester. Muuzaji akikubali, chomoa uzi mmoja kwenye pindo uuchome kwa kiberiti: pamba hugeuka jivu laini, polyester huyeyuka na kuganda kama shanga nyeusi. Mchanganyiko si mbaya. Haurudi sana, na hukauka haraka, jambo la maana Julai, jua la Ruiru linapojificha siku nzima. Ubaya wake ni joto na kunata mgongoni. Kama lengo ni mashindano, hakikisha mikono ya koti haivuki kifundo cha mkono wala haiishii juu ya nusu ya kigasha, na suruali inafunika angalau theluthi mbili za muundi. Kukunja mikono hakuruhusiwi.

Judo ni habari nyingine kabisa. Hapo usimpelekee fundi kazi hiyo. Koti la judo hufumwa kwa namna yake, na drili itachanika kwapani siku ya kwanza utakapokamatwa na mtu mzito. Ukiagiza ng'ambo, hesabu kodi kabla hujabonyeza "lipa". Nguo zilizoshonwa tayari zimo katika kundi la ushuru wa asilimia 35 la Afrika Mashariki tangu 2022. Gi iliyogharimu 5,000 pamoja na usafiri huongezewa 1,750, kisha VAT ya asilimia 16 juu ya jumla hiyo, nayo ni 1,080. Umefika 7,830 na ada ndogondogo za forodha bado hazijaingia.

Ndiyo maana napendelea gi ya judo iliyotumika. Mara mojamoja hutokea kwenye marobota ya mitumba, wauzaji huidhania kuwa joho la kuogea, na bei yake hushuka. Iangalie shingoni na magotini, uivute kola kwa mikono miwili. Ikitoa sauti ya nyuzi kukatika, iache. Njia bora zaidi ni ndani ya klabu, ambako mwanafunzi aliyekua humwachia mdogo wake. Usiifue kwa Jik. Hudhoofisha pamba, na nguo nyeupe inayochanika haina faida.

Imebaki hakama, ile suruali pana ya aikido na kendo. Katika kumbi nyingi za aikido huvaliwa baada ya mkanda mweusi, kwa hiyo anayeanza asiharakishe. Ukifika wakati huo, mfuate fundi wa sketi za shule. Hakama ina marinda matano mbele na mawili nyuma, na yeye hupiga marinda kila mwaka. Mpe kitambaa cha polyester na viskosi, kile cha sare, kwa kuwa marinda yake hayalali baada ya kufuliwa. Pima kutoka chini kidogo ya kitovu hadi kwenye kifundo cha mguu. Mpelekee kazi hiyo Februari, foleni ya sare za Januari ikishaisha.